Bustani ya Mbele Isiguswe

Baba Alinda,

Ndizi na maharage vimo sufuriani, pasha tu. Nimekwenda Muleba kwa dada Joviana, yule anayeuza miche. Panga usilitafute. Nimelifunga kwenye kanga, ninalo.

Naamka asubuhi nakukuta unaing'oa misonobari yangu mifupi, kisa wifi Dativa kasema ni miti ya makaburini! Na kanisani ipo, mbona haachi kusali? Eti mbele ya nyumba ya Mhaya kuwe na migomba. Migomba si tunayo nyuma mpaka bondeni? Misonobari hii hainipiti kiuno, na chini yake mawaridi na mayungiyungi yanapokezana kuchanua. Maua yakinyauka, misonobari bado kijani. Juzi Mamta wa dukani Bilele kasimamisha gari, kapiga picha, kaingia, tukapiga soga mpaka giza. Dada yako huyo huyo alikuwepo, anachekacheka kwenye picha katikati ya misonobari!

Ule ulioung'oa nimeurudisha shimoni. Umwagilie jioni, taratibu. Na usiurundikie maganda ya ndizi kama mgomba, shina litaoza.

~~Nitalala huku huku.~~ Narudi leo. Jumapili jumuiya inasali kwetu, na watapita hapo hapo mbele, wifi akiwemo.

Nakuja na misonobari mingine miwili. Mashimo utachimba wewe. Jembe nimekuachia.

Mama Alinda