Usifungue Springi Jumamosi

Mount Druitt,
Sydney, Australia.
11 Aprili 2011

Mpendwa mwanangu Lopeti,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako baridi imeanza kubisha mlangoni. U hali gani? Vika amepona kile kifua? Na Kalolaine bado anakataa kuvaa viatu? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hutabiri mvua vizuri kuliko redio.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Nilipofungua bahasha ilidondoka chembe ya mchanga wa kwetu Pangai. Iko hapa mezani, sijaifuta.

Magimbi ya talo niliyopanda nyuma ya nyumba yametoa majani madogo, hayatoshi kufungia nyama ya lū ya mtu mmoja. Ardhi ya huku hunipa kila kitu kwa kipimo cha mgeni, nami nimekaa juu yake miaka arobaini na mmoja. Jumamosi jioni bado nasikia kichwani bendi ya kanisa la nyumbani ikifanya mazoezi, tarumbeta zikitangulia na ngoma kubwa ikizikimbilia kwa nyuma. Kisha jirani huwasha mashine ya kukatia nyasi, na bendi huisha.

Sasa nije kwenye gari lako. Umeandika kwamba chumvi imezila springi za mbele, na ya kushoto imekatika pete ya chini. Umefanya vema kununua mbili, kwani springi moja mpya na moja kuukuu huligeuza gari kuwa kilema. Lakini umeandika pia kwamba huna vibano vya kubania springi, kwamba utazifunga kwa kamba ya boti kama alivyofanya baba yako alipokuwa huku, na kwamba utazitoa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ili kesho yake, Jumapili ya Faka Mē, uwapeleke watoto kanisani wakaseme mistari yao. Nimesoma sentensi hiyo mara nne.

Lopeti, baba yako hakufanya hivyo. Nitakuambia alichofanya, maana aliyebaki kukijua ni mimi peke yangu.

Ulimjua baba yako Penisimani kama mpiga ngoma kubwa. Uliambiwa kwamba vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikatwa na winchi ya meli. Haikuwa winchi. Na kabla ya mwaka 1979 hakuwa mpiga ngoma. Alikuwa tarumbeta ya kwanza, na watu wa kisiwa chetu cha Lifuka walikuwa wakiacha chakula mezani wakatoka nje kumsikiliza.

Mwaka ule aliishi nasi, akifanya kazi kiwandani na kumsaidia mume wangu Kelepi kutengeneza magari hapa uani. Jumamosi moja, saa kumi alasiri, gari letu la kijani lilikuwa limeinuliwa, springi ya mbele nje. Kesho yake kulikuwa na uzinduzi wa kanisa jipya, na ndilo gari lililopaswa kubeba vyombo vya bendi. Unajua sisi tulivyo: jua likizama Jumamosi, Jumapili ya Bwana imeshaingia, hata nyundo huona aibu. Mimi nilikuwa dirishani jikoni na unga mikononi, nikitazama jua.

Nikamwita Kelepi. "Mwambie kaka yangu kanisa haliwezi kuja hapa uani kutufuata!"

"Umesikia, shemeji?" Kelepi akasema.

"Mwambie dakika kumi."

"Dakika za Ha'apai au za Sydney?"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Baada ya muda nikaita tena, na maneno haya nayakumbuka yote: "Kelepi, mwambie kama ameshindwa aseme, tukodi basi!"

Kilichofuata alinisimulia Kelepi baadaye. Baba yako alimwonyesha kibano kimoja, akasema, "Shemeji, uzi wa bolti hii umelika. Haushiki."

"Basi mwambie dada yako tunasubiri hadi Jumatatu."

"Mimi? Nimwambie yeye?"

"Si dada yako?"

"Ndiyo maana siwezi," baba yako akasema, akainama kuendelea.

Umekulia huko, sina haja ya kukueleza. Kaka na dada husemezana kupitia mtu mwingine, na kaka hamjibu dada yake "hapana." Maisha yake yote Penisimani hakuwahi kuniambia neno hilo, nami nililichukua jambo hilo kama heshima yangu ya kuzaliwa, kama ule mkeka tunaojifunga kiunoni kwa heshima, ambao huvaliwa tu, mtu haulizi umetoka wapi. Kibano kiliteleza. Springi iliruka, ikavunja kioo cha banda, na katikati ya kioo na pale ilipotoka palikuwa na mkono wake.

Hospitalini alimwambia Kelepi, "Mwambie dada gari halikukamilika, anisamehe." Aliniomba msamaha, Lopeti! Ile habari ya winchi aliitunga yeye, ili watu wa nyumbani wasije wakanitaja.

Baada ya siku ile nilinunua kitabu cha ufundi, nikakisoma kama Zaburi, na kwa miaka ishirini na sita, hadi Kelepi alipofariki, hapakufunguliwa springi uani hapa bila mimi kukagua vibano. Kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza fundi.

Kelesi, binti wa mchungaji, atapanda ndege Jumanne ijayo. Atakuletea vibano viwili vya Kelepi. Nyuzi ni nzima, nimezipaka grisi mwenyewe. Simamisha gari mahali pa saruji, si kwenye mchanga. Weka kabari kwenye tairi za nyuma, na ukishainua, liketishe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Shokomzoba ikishatoka pamoja na springi yake, funga vibano pande mbili zinazotazamana, kulabu zikumbatie pete sawasawa. Kaza huku mizunguko michache, kisha kule mizunguko michache, kwa spana ya mkono, kamwe si kwa mashine. Uso wako usiwe kwenye mstari wa ncha za springi hata mara moja. Nati ya juu usiiguse mpaka springi icheze yenyewe kwenye kitako chake. Nati hiyo ndiyo mlango wa zizi, na ndani kuna fahali.

Ile iliyokatika usiiamini hata kidogo. Kibano kisishike karibu na palipovunjika.

Kurudisha ni njia ileile kinyumenyume. Mpira wake uwe mahali pake, ncha ya pete ya chini ikae kwenye kidato chake, nati ya juu ikazwe kabisa, ndipo ulegeze vibano, huku kidogo na kule kidogo. Ukilishusha gari, kaza tena bolti zote.

Na usifanye Jumamosi. Anza Jumatatu. Lisipokuwa tayari, watoto watembee. Kalolaine viatu havipendi hata hivyo.

Chini ya vibano utakuta kitu nilichokifunga kwa shuka. Baba yako aliiacha tarumbeta yake alipoondoka, wala hakuwahi kuiulizia. Mimi sikuwa na ujasiri wa kuituma. Ipe mikono yenye vidole vyote.

Jambo la mwisho. Mimi ni dada wa baba yako, na neno langu kwako halina rufaa. Sijawahi kulitumia kwa nguvu, leo nalitumia. Siku utakayofungua springi nitakupigia simu, nawe weka spana chini upokee. Nitakuuliza kama umemaliza. Huenda nikakuhimiza, maana mimi nakijua kinywa changu. Utanijibu: "Bado, Shangazi. Subiri." Nakuamuru uniambie hivyo. Nimelingoja neno hilo kutoka nyumba yenu kwa miaka thelathini na miwili.

Nisalimie Vika, mbusu Kalolaine kwenye nyayo zake chafu, na upitapo makaburini mwambie Penisimani kwamba nimekuambia ukweli. Mungu akulindie mikono yako yote miwili.

Ni mimi nikupendaye kwa upendo usiopungua,
Shangazi yako,
Seini