Gari Lisiloweza Kumbeba Mama

Kwako dada yangu Martina, Mama Regina,
Singe, Babati.

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, shemeji kile kifua kimemwachia, na mahindi ya kule Mutuka hayajaingiliwa na nguruwe. Mimi huku Dar es Salaam ni mzima mwili wote, ila moyo hautulii. Regina akikusomea, mwambie asome polepole, na Mama asiwe karibu. Wewe ndiye utakayejua umwambie vipi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii. Kila ukipokea namsikia Mama nyuma yako anauliza, "Ni Daudi? Amefika wapi?" Basi naishia kukuuliza habari za ng'ombe.

Ni habari ya ile safari ya Mama. Mwezi wa kwanza ulinieleza kwamba Mama Mkubwa Anyesi, dada yake wa kule juu Mbulu, hali inazidi kushuka, na Mama anataka akamwone angali anamtambua. Mlikuwa mmeshaongea na Mzee Juma wa duka la vitambaa awape ile Noah yake na dereva. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema Mama hawezi kupelekwa kwao na gari la kuazima wakati ana mtoto wa kiume Dar, subirini nije na langu. Mkasubiri. Sasa mvua ziko karibu, na ile barabara ya kupanda mlimani unaijua.

Gari ninalo, sikudanganya. Ni la Kiitaliano, la mkono wa pili, lilikuwa la mzungu mmoja aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Rangi damu ya mzee, milango miwili, viti vya ngozi laini kuliko shavu la mtoto. Ubavu ulikuwa umebonyea, nikaunyoosha kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna fundi bodi mwingine Dar nzima angeuweza. Ukiliwasha, mbwa wa mtaa wote wananyamaza. Nililijaribu njia ya Kibaha, kivuli changu kikanifikia baadaye. Trafiki alinisimamisha, nikatoa leseni, akasema, "Rudisha, mzee, nataka kupiga picha tu." Dalali aliniuliza kama nataka hili la petroli au nisubiri la umeme. Nikamwambia la umeme halina sauti, nikiingia Babati kimya kimya nani atajua nimefika? Na Singe nitalichomeka wapi, kwenye mashine ya kusaga?

Pale kwa dalali watu walicheka sana. Na mimi nilicheka. Sikuona kwamba nimeshasema kilichokuwa moyoni.

Maana ili nilipate nilitoa ile pikapu yangu ya milango minne. Tulibadilishana. Ile ile tuliyopanda nayo Sigino Krismasi, Mama mbele na mto wake mgongoni. Unakumbuka siku ile tulisimama dukani kwa Gidahe, tuliyesoma naye mpaka darasa la saba, kuchukua misumari. Wewe ulibaki garini na Mama. Gidahe akatoka na kalamu sikioni, akaizunguka pikapu, akasema mbele ya wateja, "Daudi, miaka ishirini Dar, bado unaendesha gari la kubebea mbuzi?" Nilicheka naye. Lakini dada, neno lile nilirudi nalo mpaka huku na nikalala nalo. Nilisema nanunua gari kwa ajili ya safari ya Mama. Kweli yenyewe, nilitaka Mama apite mbele ya duka la Gidahe akiwa ndani ya gari langu. Mbulu ilikuwa baadaye.

Jumapili baada ya ibada nililisogeza uani. Mama wa mwenye nyumba wangu, Bibi Mwantumu, ni rika la Mama, naye ana mguu mbovu vile vile. Nikamwomba apande tuone. Akachungulia ndani, akauliza, "Nikalie wapi, chini?" Tukamwingiza. Akasifu ngozi, akasifu harufu. Kutoka ndiyo ikawa kazi. Mguu haukunjiki, mlango mrefu, kiti kinammeza. Mimi na wakwe zake wawili tulimvuta kwapani, khanga ikafunguka, akaona aibu mbele yangu. Akakaa barazani akihema. Halafu akasema, bila hasira, "Umepata gari zuri, baba. La mtu asiye na mama."

 

Nikachukua futi yangu ya kazini nikapima. Kile kiti kiko chini kuliko kigoda cha Mama cha kukamulia, na kigoda aliacha kukikalia tangu mguu ulipoharibika. Nyuma panaingia mkoba, si mtu. Nikajiuliza wewe utakaa wapi umshike, maana Mama hajawahi kusafiri bila wewe. Unga wa kupeleka kwa dada yake, blanketi, na kuku wa zawadi, vitakaa wapi? Chini ya gari panaingia kiganja changu tu. Lisingemaliza hata kona ya kwanza ya mlima. Miaka yote napima magari ya watu, hili sikulipima.

Nilimfuata dalali anirudishie pikapu. Imeshauzwa, inapakia nyanya Morogoro.

Basi naomba fanya hivi. Ukimaliza kusomewa, nenda kwa Mzee Juma, mwambie Daudi amekosea na anaomba radhi, aitoe ile Noah. Ondokeni Alhamisi kabla mvua hazijaanza. Mama akae mbele na mto wake. Wewe kaa nyuma yake umshike bega kwenye kona. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho. Mimi napanda la Jumatano. Nikiwahi, nitakaa kule nyuma kabisa na mizigo, nimshike kuku.

Basi likichelewa, ondokeni. Mmeshanisubiri vya kutosha.

Mwambie Mama shikamoo yake nitaileta mwenyewe, hata kama ni huko huko Mbulu. Shemeji mpe pole ya kifua. Regina mwambie mjomba amesikia habari za matokeo yake na amefurahi. Mwinjilisti wetu naye nisalimie, atuombee njia.

Na Gidahe ukimpitia msalimie. Akiuliza safari hii Daudi anakuja na gari gani, mwambie anakuja na basi.

Ni mimi mdogo wako,
Daudi