Boksi la Mwisho la Kengele

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Wifi na watoto wazima? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Baba ndiye hayuko sawa. Yupo kitandani tangu mvua zianze, na daktari alinivuta pembeni akaniambia tusihangaike kumpeleka popote, tukae naye tu.

Najua ukiona neno "Baba" unataka kuikunja barua. Usiikunje, nakuomba.

Wiki iliyopita alikataa kila chakula, halafu akaomba Kengele. Kengele! Nilicheka, kisha nikalia. Konfleksi zile nani anazo siku hizi? Kiwanda chenyewe sasa ni ghala la magodoro. Watoto wa leo hawajui kwamba mji mzima uliamka na Kengele, tukimwaga maziwa mezani kwa kugombea kimwanasesere kilichofichwa ndani ya boksi. Wala hawajui kwamba boksi halikufungwa mpaka Baba, mwonjaji, atafune kijiko cha kwanza, afumbe macho, aitikie kwa kichwa. Nawe kwenye tanuri unamtazama kwa mbali kama mtahiniwa.

Nikakumbuka boksi nililokuwekea juu ya kabati, la mwisho kutoka tanuri lako. Unisamehe, nimelifungua. Nilimimina kwenye bakuli, nikatia maziwa, nikamlisha. Akatafuna taratibu, akafumba macho, akaitikia vilevile. Akasema ndizo zenyewe, hazijabadilika hata kidogo. Kwa furaha nami nikachota kijiko. Lo! Nilikimbilia dirishani kutema. Zilikuwa zimevunda, chungu ajabu.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama, akajua nimejua. Kaka, Baba hasikii ladha. Aliniambia ile homa iliyomlaza baada ya kumzika Mama iliondoka na ladha yote, chumvi na sukari zikawa kitu kimoja. Akaogopa kusema, maana mwonjaji wa namna hiyo nani atamweka kazini? Akaendelea kuitikia. Kipimajoto cha tanuri kilipoharibika na konfleksi zikaanza kuungua, akaitikia. Maduka yaliporudisha maboksi, wakubwa wakamuuliza. Akajibu kwamba alizoonja yeye zilikuwa nzuri, basi ni uzembe wa kijana wa tanuri. Ukafukuzwa mbele ya wenzako, ukaapa hutakanyaga tena nyumba hii. Na Kengele yenyewe haikupona, watu walishaichoka, kiwanda kikafungwa.

Sikufichi, nilimkasirikia. Nilitoka uani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Miaka yote hii nilikuona wewe ndiye mkaidi, kumbe! Niliporudi alikuwa analia kimyakimya, maziwa yamemganda kidevuni. Nikampangusa. Ningefanya nini, kaka? Ni Baba.

Msalimie wifi, wanao uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Yule fundi viatu jirani anakuulizia, bado anadai ulimwibia kwenye karata. Salamu za Baba hazimo humu. Nilimuuliza nikuandikie nini, akasema nisiandike kitu, anachotaka kukuambia atakisema mwenyewe ukiwa umesimama mbele yake. Tangu siku hiyo, kila mlango ukilia anageuza kichwa. Ni mimi tu ninayeingia.

Mdogo wako akupendaye,
Kifaranga