Babu Ashuke Dunguni

Mbagala, 12 Mei 2025

Mume wangu Kaimu,

Salaam zikufikie hapo Kilimarondo, wewe na mbwa wako. Mimi mzima, goti tu limegombana na ngazi za nyumba ya mwanao. Hemedy mzima, mkewe Samia mzima, wajukuu wazima kupita kiasi. Kifua chako je? Nakuandikia kwa sababu simu ya huko haishiki mpaka upande kichuguu, na wewe ukishapanda kichuguu unasahau ulichotaka kusema.

Kazi uliyonituma, ya kuwaombea wajukuu waje kwetu likizo ya Juni, nimeianza. Samia amenisikiliza kwa adabu, akaniongezea chai, akasema, "Mama, huko si kuna tembo?" Nikanywa chai.

Ila mji huu, Baba Hemedy, watu wanajua kutoka na watoto. Jana tumekwenda ufukweni, Coco. Unajua tulifuata nini? Mihogo. Watu wazima, wenye magari yao, wamepanga foleni juani ili wale mihogo. Ya kukaanga, pilipili juu, mchanga wa bure. Nilitaka kucheka. Nikaonja, nikaomba sahani nyingine. Huzaifa na miaka yake mitano akayakimbiza mawimbi, nayo yakageuka yakamkimbiza yeye. Raudha, dada yake, akanivuta mkono mpaka nikaingia majini na kanga yangu. Aliyepiga kelele ni mimi.

Jumapili ijayo tunavuka na pantoni kwenda bustani ya wanyama Kigamboni. Usingizi siupati kwa hamu, na wala sikuulizwa kama nataka kwenda.

Mimi, Bibi Raudha


Kilimarondo, 16 Mei 2025

Mama Hemedy,

Kifua kimetulia, mbwa anakusalimu. Barua yako imeletwa na konda wa basi mpaka Nachingwea, kisha bodaboda. Inanuka samaki lakini inasomeka.

Tembo walipita juzi kwa jirani yetu Rashidy. Shamba lake sasa unaweza kuchezea mpira. Hilo Samia usimwambie. Mwambie kuna maembe. Najua si msimu, lakini yeye mtoto wa mjini, atajulia wapi.

Mimi sisogei. Ufuta unaelekea kukauka, siku zote nipo juu ya dungu nalinda. Ila wajukuu nimeshawajengea dungu lao, pembeni ya langu, ngazi fupi. Nimelipanda mwenyewe, limenibeba, sembuse wao. Raudha nilimshika alipokuwa wa kubebwa. Huyu Huzaifa namjua kwa picha tu. Fanya kila namna, mke wangu.

Babu yao


Mbagala, 20 Mei 2025

Mume wangu,

Natumaini umeamka salama na ufuta wako umeamka salama. Sisi wazima. Maembe yako sikuyasema, na utaona kwa nini.

Tumevuka. Upepo wa pantoni nusura unichukulie ushungi, watoto wakashangilia. Huko bustanini watu wamejazana kwenye waya wanatazama nyani. Nyani, Kaimu. Kuna baba amempandisha mwanawe mabegani ili amwone nyani vizuri.

Tukatandika mkeka, tukafungua pilau. Mara tumbili wakashuka mtini. Mmoja akampokonya Huzaifa andazi mkononi, mtoto akalia, Samia akaganda kama gogo. Mimi mkono haukuniuliza. Ulishika mfuniko wa sufuria na mwiko, ukapiga kama tuko shambani, na ile sauti yetu ya kufukuzia ikatoka yote. Tumbili wakapotea. Nyani wa kwenye waya nao wakaingia vibandani. Swala wakaenda kona ya mwisho. Na hapo basi la wanafunzi ndiyo kwanza linashusha.

Mhudumu akaja anakimbia. "Bibi, watu wamekuja kuwaona hawa."

Nikamwambia, "Mwanangu, sisi kwetu tunakesha ili tusiwaone."

Raudha alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaomba mfuniko naye ajaribu.

Tukiwa tunarudi, Samia akasogea karibu yangu. "Mama, na tembo naye anakimbia mfuniko?"

Hapo maembe yako yalinifika mdomoni. Nikayameza. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Tembo unampisha. Juzi tu wamemaliza shamba la jirani."

Tukashuka kwenye pantoni. Ndipo akasema, "Tembo nitawaambia watoto wakae ndani. Lakini babu yao hawamjui, Mama. Huzaifa akiamka analia huko, atamlilia nani? Babu ashuke dunguni, aje atembee nao hapa. Wakimzoea, aondoke nao."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Najua ufuta ukipitiliza unapasuka, wote unabaki kwa ndege. Najua mwaka wetu wote uko pale. Sikuamulii. Shule inafunga mwanzoni mwa Juni.

Bibi Raudha


Mbagala, 2 Juni 2025

Kaimu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli. Tangu nikuandikie yale ya Samia hujajibu. Ni kifua, ni tembo, au umekasirika?

Watoto hawana habari na kimya chako. Huzaifa amepanga: babu ataanza na mihogo, halafu pantoni, halafu pantoni tena. Anauliza kama babu anajua kukimbizana na mawimbi. Nimemjibu babu anajua kukimbizana na nguruwe, akaridhika. Samia naye ametandika kitanda cha sebuleni.

Andika hata mstari mmoja.

Zena


Ruangwa, stendi, 4 Juni 2025

Mama Hemedy,

Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Kimya changu kilikuwa cha panga. Ufuta uliokomaa nimeukata, nimeufunga matita, nimeusimamisha. Uliobaki nimemwachia mtani wangu Protasi. Amesema atakula nusu. Nikamwambia kula. Mtani anabakiza, tembo habakizi.

Nasubiri basi la Dar. Nimevaa shati lile la harusi ya Hemedy, nimenyoa ndevu, hata mbwa hakunitambua. Barua hii simpi konda. Nitamkabidhi Huzaifa hapo mlangoni akuletee ndani, maana sijui mtoto wa miaka mitano ukimwona mara ya kwanza unaanza kumwambia nini. Nimefikiri njia nzima kutoka Kilimarondo, sijapata.

Ukimaliza kuisoma usiharakishe kutoka. Ngoja kwanza arudi yeye kuniuliza mimi ni nani.

Babu