Mbingu Upande wa Mto

Jumanne, 8 Oktoba 2019

Jua tena! Montreuzy nzima iko nje, inakunywa divai na kumshukuru Mungu kwa Oktoba yenye joto. Mimi peke yangu naomba mawingu. Vioo vya rangi havipigwi picha juani — katikati panaungua, pembeni giza, na Mtakatifu Petro anatoka na uso kama taa ya lori. Nimemwomba Padri Évrard aniwekee wingu kwenye sala za waamini. Amesema wenye mizabibu watamchinja.

Madirisha madogo nimeyamaliza. Limebaki lile kubwa nyuma ya altare, la Hukumu ya Mwisho. Dirisha la Anselme. Mji mzima unaliita hivyo, kwa sababu mume wangu ndiye anayelieleza kwa wageni tangu alipokuwa bado anafundisha Kilatini. Sasa amestaafu, analieleza hata kwa wasiouliza. Maonyesho yanafunguliwa Sikukuu ya Watakatifu Wote: picha zangu, hotuba yake. Kwenye bango jina lake limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Langu liko chini, karibu na jina la aliyetoa viti. Sijanuna. Nimeandika tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wingu! Jeupe, limetanda kote. Nilitoka mbio na soksi za rangi mbili.

Mafundi wa dari wameniazima jukwaa lao. Goti liliniuma, lakini raha yake! Sijawahi kuwa uso kwa uso na Yesu wa Montreuzy. Ana makengeza kidogo. Huku chini hakuna anayejua.

Na ukiwa juu unaviona viti vizuri. Upande wa mto ni viti vyenye vibao vya shaba: akina de Courtavel, daktari, wakili, wenye mizabibu. Upande wa soko ni viti visivyo na jina: mjane wa duka la tumbaku, waashi Wareno, daktari wa meno aliyeachana na mkewe. Maana dirisha letu lina mbingu upande wa mto na moto upande wa soko, na mtu mwenye heshima zake hakai chini ya shetani. Hapa posa zimewahi kuvunjika kwa kugombea upande.

Makanisa mengine yote waliookolewa wako kuume kwa Yesu. Sisi peke yetu tunao kushoto. Hapo ndipo Anselme anapong'arisha nyota yake. "Kuume ni upande wa sheria," huwaambia wageni, "kushoto ni upande wa moyo. Fundi wetu aliiweka mbingu moyoni." Wajerumani hulia. Hata mimi nililia, nikiwa msichana mwenye kamera ya kuazima, naye amesimama pale na koti limemzidi mabega. Nilimpenda kwa maneno hayo. Sioni aibu kuyaandika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kuna kitu hakikai sawa.

Niliifungua picha kubwa kwenye kompyuta nikaivuta karibu. Dirisha lina sehemu tatu: Yesu katikati, mbingu huku, moto kule. Kwenye sehemu ya Yesu, ukingoni, yuko malaika anayenyoosha mkono kuelekea mashetani, na mkono unaishia kwenye kifundo. Hauna kiganja. Anselme husema nafasi ilimwishia fundi. Haya. Lakini kule mwisho kabisa wa sehemu ya mbingu, penye ukuta, nimekuta kiganja. Kiganja kitupu, hakina mwenyewe! Kimemshika bibi kizee mmoja na kinamvuta aingie ukutani.

Na upande wa pili wa Yesu, chini, ncha za moto zinachungulia katikati ya watakatifu. Hazina moto wa kutokea.

Nikaikata picha vipande vitatu, humo humo kwenye kompyuta. Mbingu nikaipeleka upande wa soko. Moto nikaupeleka upande wa mto. Kiganja kikakaa kwenye mkono wake. Ncha zikapata moto wao. Hata maua ya pambizoni yakashikana.

Nikazima. Nikaenda kumenya viazi. Nimemenya vingi mno.

Jumapili, 13 Oktoba

Misani sikusikia neno hata moja.

Mji huu una hadithi moja tu ya kujivunia. Vita vya pili vya dunia vilipokaribia, vioo vilishushwa vikafichwa kwenye majani makavu, katika ghala la divai la akina de Courtavel. Vita vilipokwisha, Paris iliahidi kuleta wataalamu. Montreuzy ikakataa kungoja. Wataalamu wa nini? Tulishusha wenyewe, tutapandisha wenyewe! Wakapandisha siku moja ya mvua, seremala, paroko, na babu yake Madam de Courtavel akiwapimia divai tangu asubuhi. Hadithi hii husimuliwa kila mwaka kwenye chakula cha mchana cha Marafiki wa Kanisa Kuu, na tunapiga makofi. Picha ya kabla ya vita iko moja tu, na ndani yake askofu mnene amesimama mbele ya dirisha, amelifunika.

Basi ni hivyo. Walilewa wakabadilisha mbingu na moto. Baadaye wakubwa wakatazama juu, wakaona mbingu iko wapi, wakapigilia vibao vyao vya shaba chini yake. Na mume wangu akaja akawapa sababu.

Nimecheka bafuni mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikamkumbuka yeye, nikaacha.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemwambia.

Nilingoja amalize jibini. Nikamwonyesha picha ilivyo, kisha nilivyoikata. Alitazama muda mfupi sana, kama mtu anayeonyeshwa picha za watoto wa jirani. Akasema sisi wapiga picha huona vipande, msomi huona kitu kizima. Akasema kompyuta inaweza kuunganisha chochote na chochote. Akauliza kahawa iko wapi. Iko pale ilipo miaka yote.

Nikaosha vyombo kwa kelele.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mawili, na yote mabaya.

La kwanza, Anselme amepata jibu. Siku nne alijifungia na vitabu, leo ametoka uso unang'aa. Kiganja kile kimeachana na mkono kwa makusudi! Ni huruma inayotangulia kabla mwenye huruma hajaamka. Na ncha za moto kati ya watakatifu ni majaribu yao. Ameongeza kurasa kumi kwenye hotuba. Anazisoma akitembea, supu inapoa. Kinachoniudhi ni kwamba maneno ni mazuri. Mtu huyu ukimpa kiatu kilichopotelewa na mwenzake atakutolea mahubiri ya upweke.

La pili, Ghislaine amepiga simu. Yeye na mumewe ndio wanaochapa picha kubwa, ile ya kusimamishwa mbele ya altare siku ya ufunguzi. Wameichapa kwa sehemu tatu kwenye karatasi moja, iko mezani, na mumewe amesema mbona ule mkono unamsubiri mwenziwe upande wa pili. Nikamwuliza Ghislaine amemwambia nani.

"Mimi? Nani nimwambie? Mdomo wangu nimeutia kufuli, dada."

Ghislaine akifunga mdomo, habari hutoka kwa simu.

Jumapili, 27 Oktoba

Sikujua nicheke au nitoke nje.

Tumefika misani mapema. Yule daktari na mkewe walikuwa wameketi upande wa soko, nyuma ya Wareno. Mke akanieleza, sikumwuliza, kuwa upande wa mto kuna upepo unaomwingia sikioni. Akaja wakili: goti lake linataka kukaa karibu na mlango wa soko. Wakaja wenye mizabibu, familia nzima na bibi kwenye kiti cha magurudumu: eti kule nguzo inawaziba. Nguzo hiyo imekuwepo miaka mia nane! Mwisho akaingia Madam de Courtavel, mwenyekiti wa Marafiki, kofia ya kijani. Akasimama kwenye kiti chenye kibao cha babu yake. Akatazama juu. Akafanya ishara ya msalaba, akavuka, akamwomba mjane wa tumbaku asogee kidogo.

Mjane akamtazama toka kofia hadi viatu. "Sogea wewe, mama. Mimi hapa motoni nimekaa tangu nizaliwe, na leo sioni sababu ya kuhama."

Upande wa soko wamebanana hadi kwenye ngazi za kwaya. Upande wa mto tumebaki mimi na Anselme, na watalii wawili wa Kikorea. Mji mzima unajua, na mji mzima umekaza uso, utakufa na tai shingoni. Padri Évrard aligawa komunyo mara moja upande wetu, akabaki kule robo saa.

Njiani Anselme akasema kweli upande ule una upepo. Akainua kola. Nilimshika mkono.

Jumanne, 29 Oktoba

Madam de Courtavel amekuja na keki ya tufaha. Hajawahi kukanyaga kwetu. Anselme alikuwa maktaba.

Alizunguka sana. Bustani, mvua, bei ya kuni. Hatimaye akasema historia ni kitu chororo, na baada ya miaka sabini kosa nalo linakuwa urithi, sivyo? Dirisha libaki lilivyo. Vibao vya shaba ndivyo vitahamishwa, kimyakimya, kwa sababu ya upepo. Na Bwana Anselme aachwe aseme hotuba yake kama kawaida. Watu watampigia makofi. Ndiyo heshima yake.

Nikamwuliza wakishapiga makofi watafanya nini.

Akajikata kipande cha keki. "Watakwenda kwao, Maryvonne. Watu wana nyumba zao za kuchekea."

Nimempa keki jirani.

Sasa najua ninachoogopa. Siogopi dirisha, wala ukweli, ukweli umekaa juu kule miaka sabini na haujamdhuru mtu. Namwogopea huyu mzee wangu, asimame mbele ya watu wote, aseme kwa sauti ile yake ya kengele maneno ya moyo na kiganja, nao wakiminya midomo. Wamngojee. Kisha wamfanye kichekesho cha Krismasi. Na anajua kusema vizuri sana! Ndivyo itakavyokuwa mbaya zaidi.

Nilijaribu tena usiku, wakati wa kula. Nikasema, Anselme, watu wamehama. Akasema upepo.

Ijumaa, 1 Novemba

Naandika kwa haraka, hapa hapa jikoni.

Ufunguzi ni saa tisa alasiri. Ghislaine ameleta picha kubwa asubuhi, imeviringishwa. Naibu wa askofu amefika, na mtaalamu mmoja wa vioo kutoka Paris, binti mwenye nywele fupi. Amesema ana maswali machache kwa Bwana Anselme baada ya hotuba. Machache!

Mchana Anselme alikwenda kuchukua mkate. Amerudi bila mkate. Akakaa na koti lake, kofia magotini. Nikadhani ni moyo.

Kumbe ni kule kwa mwokaji. Foleni imefika mlangoni, na yule muuzaji, msichana ambaye Anselme alimfundisha Kilatini akafeli, akamwuliza mbele ya wote: "Mwalimu, leo mbinguni tunapitia njia ipi, ya mto au ya soko?" Wakacheka. Si sana. Wakili naye alikuwamo, akatazama viatu vyake.

"Walicheka kwa upole, Maryvonne," akaniambia. "Kama unavyomcheka mgonjwa."

Nikasema hotuba si lazima. Nitasema una homa. Atatokea mwingine asome kitu kuhusu maua. Akatikisa kichwa. Hotuba yenyewe ilikuwa mezani, akaisukuma pembeni kama sahani ya mtu aliyeshiba. Akaniambia nikunjue picha.

Tukaikunjua juu ya meza ya jikoni. Inazidi meza pande zote mbili, tumeishikilia kwa chungu, redio na chupa mbili. Akavaa miwani, akainama. Akafuata kioo kimoja kimoja kwa ncha ya kidole.

Kisha akauliza, bila kuinua uso: "Wewe umelitazama kutoka juu. Mimi sijawahi kupanda. Unaona nini?"

Tangu tuoane hajaniuliza swali hilo. Nikaanza kwa kiganja. Nikamwonyesha kifundo. Nikaweka kidole changu hapa na kidole chake pale, na katikati ya vidole vyetu Yesu na makengeza yake. Nikamwambia na habari ya makengeza. Akatabasamu kidogo, akasema, "Kwa hiyo moyo haumo." Nikamwambia moyo aliuweka yeye.

Kengele ya kwanza imelia. Padri Évrard amepiga simu mara mbili. Amesema watu wamejaa upande wa soko, hakuna pa kupita, na Madam de Courtavel anauliza picha iko wapi. Nimesema inakuja.

Anselme ameingia chumba cha kushonea. Nasikia anafungua droo, anafunga, anafungua nyingine. Nilimwuliza anatafuta nini, amesema niendelee kuandika.

Amerudi. Amevua koti, amekunja mikono ya shati. Ameshika mkasi wangu mkubwa wa vitambaa juu ya picha, na ananiuliza aanzie upande gani.