Kutafuta Kivinjari cha Kunifikisha Chumbani

Jumatatu, 7 Oktoba
Mwanangu amenitumia kiungo. Ni nyumba yao mpya, yeye na mkewe – haijajengwa bado, lakini eti unaingia kwenye mtandao na kutembea humo ndani. "Mama, kaone chumba chako." Chumba changu! Nikaweka pasi chini, nikabonyeza kwa bismillahi. Ukurasa mweupe pe, kama shuka za wateja wangu. Nina kile kivinjari chepesi kisichokula bando. Kumbe nyumba nayo hakili.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimempelekea simu fundi wa mlango wa pili, tunamwita Betri. Kacheka mpaka kakohoa. Anasema kivinjari changu ni cha kusomea habari tu, vitu vya kugusa na kuzungusha vinakishinda. Kaniwekea kingine. Nyumba ikatokea, alhamdulillahi, chumba na kitanda changu nikaviona – lakini picha imeganda. Nagonga mlango, wapi. Dada yangu anasema kitanda kipo, unataka nini tena? Nataka kujua mswala utakaa wapi.

Alhamisi, 10 Oktoba
Betri kanichoka, kanikalisha kwenye kompyuta yake. Kivinjari cha tatu. Hiki ndicho mwanamume. Nimepanda ngazi, nimefungua milango, bafuni nimepenya ukuta kwa bahati mbaya. Chumba kina dirisha pana. Nikakivuta kitanda pembeni, upande wa kibla ukabaki wazi. Na kikahama kweli. Nilicheka peke yangu, mteja wa Betri akauliza kama mimi ni mzima. Mume wangu, Mungu amrehemu, angesema nimerudi utoto.

Jumamosi, 12 Oktoba
Niko kwa Betri, naandikia kwenye kaunta yake.

Kitanda hakipo. Chumbani kuna meza ya ofisi na kiti cha kuzunguka.

Nikafungua kwenye simu: kitanda kipo palepale. Nikapumua, nikamwambia Betri kompyuta yake imekosea. Akaitazama simu yangu. Halafu kwa upole: "Shangazi, ya simu ni picha ya siku ile. Hii ndiyo ya sasa hivi."

Na kuna kiduara cha zambarau kinazunguka ile meza, juu yake jina la mkwe wangu. Kumbe yumo. Si mtu mbaya, wallahi, hunipigia kila wiki. Changu ni cha kijani – kimeandikwa "Mgeni". Betri anasema ndivyo mtandao unavyomwita asiyejisajili.

Kitanda nimekikuta stoo, chini ya ngazi. Nimekikokota hadi juu, nikakiweka mbele ya meza yake. Kiduara chake kikasimama.

Sasa ameandika: "Samahani, wewe ni nani?"

Betri ananisogezea kibodi. "Shangazi, jibu. Anasubiri."

Nimemwambia angoje kidogo, naandika.