Rangi Nyekundu kwenye Nati ya Mwisho

Mwaka umetimia, Baba Severa, tangu tulipokupumzisha kihambani, kwenye shamba la ukoo Kibosho, tukarudi Dar bila wewe. Watu walituambia uchungu utapungua. Haujapungua, tumeuzoea tu.

Kariakoo walikujua kwa vipuri vya pikipiki, lakini sisi wa nyumba ya Mchafukoge tulikujua kwa ndege. Ndege ya kweli, ya rubani na abiria wake mmoja, uliyoiunda uani kwa mikono yako, bomba la alumini baada ya bomba. Wapangaji walianika nguo kwenye bawa nawe hukukasirika, ulisogeza tu kanga za watu ukaendelea na kazi. Dada Zulekha, fundi cherehani wa barazani, ndiye aliyekushonea kitambaa cha mabawa, na mpaka leo anasema hajawahi kupata mteja msumbufu kama wewe.

Walikutania sana. "Mangi, wewe na ndege wapi na wapi? Itapaa lini hiyo?" Ukawajibu bila kuinua kichwa: "Ikiwa tayari. Kawia ufike, ndugu yangu. Huko juu hakuna gereji."

Ulikuwa na sheria moja tu: aliyekaza hapaki. Ukishakaza nati, mtu mwingine aliijaribu kwa spana, na akiridhika ndiye aliyechora mstari mwembamba wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na jicho linaona. Mkaguzi wako alikuwa Mama. Rangi ilikuwa yake, na kwa miaka yote hiyo kucha zake zilikaa bila rangi.

Mkazoea, mkapaka nyumba nzima. Kitanda cha Severa, mpini wa sufuria, baiskeli ya mdogo wake Godbless, hata cherehani ya Zulekha. Tunakutana na mistari yenu kila tunapoinama, na kuna siku inauma mpaka tunageuza uso.

Asubuhi ile ulikaza nati za mkia. Ukamwambia Mama, "Nimechoka kidogo. Ukimaliza kupika njoo uzikague." Ukaingia ndani kujinyoosha, na hukuamka tena.

Hatukuigusa ndege. Mwezi huu mwenye nyumba ametuambia nyumba inavunjwa, linajengwa ghorofa. Watu wa vyuma chakavu wakaja na mizani yao, Mama akawafukuza na mwiko mkononi. Kisha akaja rafiki yako Awadhi, fundi wa ndege ndogo, akaomba aichukue, aimalizie na kuirusha.

"Utaichukua," Mama akamwambia. "Ila kwanza nikague zile za mkia."

"Shemeji, usijisumbue, nitazikagua mwenyewe."

"Aliniachia mimi, Awadhi."

Mama hakuwa amethubutu kuzigusa mwaka mzima. Jumamosi akapiga magoti kwenye mkia na spana yake. Nati ya kwanza haikusogea, akaipaka. Ya pili vilevile, na ya tatu. Ya mwisho ikazunguka bila kushurutishwa, kama kifuniko cha chupa.

Spana ilimdondoka. "Hakuwa na nguvu," akasema. "Mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu, akaniambia amechoka kidogo." Akalia kilio ambacho hata msibani hatukukisikia. Zulekha aliacha kazi barazani akaja kumshika mabega. Kwa nini hukusema, Baba? Tungekushikia hiyo spana. Tungekushika wewe.

Alipotulia, Mama aliikaza mwenyewe kwa mikono miwili. Akafungua rangi, akaishika brashi, kisha akamnyooshea Severa.

"Mimi nimekaza. Paka wewe."

Severa akaijaribu nati kwanza, kama ulivyotufundisha. Haikusogea. Akachora. Mstari umepinda, utatusamehe.

Jana lori la Awadhi liliondoka nayo, mabawa yamefungiwa kanga za Mama yasikwaruzwe. Mtaa mzima ulitoka kuangalia, na hakuna aliyetania. Ua umebaki mtupu. Jioni Godbless alianza kuuzunguka ukingo wa bawa ambalo halipo, kama tulivyozoea wote, kisha akakaa chini.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, Bibi Angelina wa Kibosho; mkeo Hyasinta; wanao Severa na Godbless; rafiki yako Awadhi; jirani yako Zulekha, na wapangaji wote waliokuanikia nguo kwenye bawa.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba Severa. Lala sasa. Nati yako ya mwisho Mama ameikaza, na mwingine ameikagua.